Leva ya Gia Inapochakaa: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipia Giaboksi



Leva ya gia inapoanza kuchezacheza mkononi, au gia inapokataa kuingia kama ilivyozoeleka, hofu ya kwanza ya mwenye gari ni kwamba giaboksi imekufa. Hofu hiyo inaeleweka, kwa kuwa giaboksi ni miongoni mwa vifaa vya bei kubwa katika gari. Lakini hofu ndiyo pia inayomfanya mlaji akubali haraka ushauri ambao hakuupima. Katika makala haya tunaeleza jinsi leva ya gia inavyofanya kazi katika gari la spoti lenye gia za mkono, namna inavyobadilishwa na kurekebishwa, na maswali ambayo mlaji ana haki ya kuyauliza kabla fundi hajashika spana.

Jambo kuu tunalotaka likumbukwe ni hili: leva si giaboksi. Kati ya kitasa unachokishika na meno ya gia yaliyo ndani ya giaboksi kuna vifaa kadhaa vidogo vya mpira, plastiki na chuma. Vifaa hivyo huchakaa mapema kuliko giaboksi yenyewe, na bei yake hailingani kabisa na bei ya giaboksi. Mlaji anayejua tofauti hiyo ana nafasi nzuri ya kutolipia kazi kubwa mahali ambapo kazi ndogo ingetosha.

Aina tatu za muunganiko

Si kila gari limeundwa sawa, na ushauri unaofaa gari moja unaweza kuliharibu jingine. Kwa jumla, leva za gia za mkono huunganishwa na giaboksi kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni ya moja kwa moja. Leva husimama juu ya giaboksi na ncha yake ya chini huingia humo humo. Mfano unaojulikana sana ni Mazda MX-5, gari dogo la viti viwili lililoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Chicago mwaka 1989 na kuuzwa Japani kwa jina la Eunos Roadster. Injini yake iko mbele, giaboksi iko katikati ya viti, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Leva yake fupi inaingia moja kwa moja kwenye giaboksi, na hiyo ni sababu mojawapo ya gari hilo kusifiwa kwa utamu wa gia zake.

Njia ya pili ni ya rodi. Leva iko ndani ya gari, lakini inasukuma rodi ya chuma iliyo chini ya sakafu, na rodi hiyo ndiyo inayoiamuru giaboksi. Subaru Impreza yenye gia za mkono ni mfano wake. Kila mahali rodi inapoungana na kifaa kingine pana bushi, na kila bushi iliyolegea huongeza mchezo kidogo kwenye leva.

Njia ya tatu ni ya kebo. Hutumika hasa pale ambapo injini imelazwa kukingama gari, au iko nyuma ya dereva. Toyota MR2 na Volkswagen Golf GTI za vizazi vya karibuni ni mifano yake. Kwa kawaida kebo ni mbili: moja hupeleka mwendo wa mbele na nyuma, nyingine hupeleka mwendo wa kulia na kushoto.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza fundi ni jepesi: “Leva ya gari langu imeunganishwa kwa njia gani?” Fundi anayeifahamu kazi yake atajibu bila kusita. Asiyeweza kujibu hajawa tayari kulifungua gari lako.

Dalili na maana zake

Magari mengi ya spoti yanayouzwa nchini yametumika kwanza Japani, ambako usukani uko kulia kama kwetu. MX-5 ya kizazi cha kwanza, iliyotengenezwa hadi mwaka 1997, sasa ina umri ambao mpira na plastiki vimekauka hata kama gari halikutembea sana. Zifuatazo ni dalili ambazo mlaji anaweza kuzitambua mwenyewe.

Leva inachezacheza, lakini gia zote zinaingia bila kelele. Hapa wa kushukiwa kwanza ni bushi ya leva, wala si giaboksi. Katika MX-5, bushi hiyo ni kipande kidogo cha plastiki kilichovikwa kwenye ncha ya chini ya leva.

Joto, harufu ya oili na mngurumo vinapanda kutoka kwenye leva. Hii ni dalili ya mipira ya kufunika leva kupasuka. Katika MX-5 mipira hiyo ni miwili: mkubwa wa juu na mdogo wa chini. Wa chini ukipasuka, oili hurushwa juu. Wa juu ukipasuka, hewa ya moto kutoka chini ya gari huingia ndani.

Gia zote zinaingia kwa shida injini ikiwa inawaka, lakini zinaingia kwa urahisi injini ikizimwa. Mshukiwa ni klachi isiyoachia vizuri. Huenda silinda ndogo ya klachi inavuja, au mafuta yake yamepungua. Kubadilisha leva hakutasaidia lolote, na kubadilisha giaboksi kutakuwa hasara tupu.

Gia moja tu inasaga, kwa mfano gia ya pili, nyingine zikiwa nzima. Hapa kweli tatizo laweza kuwa ndani ya giaboksi, kwenye pete za shaba zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijakamatana. Hata hivyo, anza kwa kuuliza kuhusu oili: ilibadilishwa lini, na ni ya aina gani?

Gia inaruka na kurudi huru yenyewe. Uchakavu wa ndani unawezekana. Lakini kabla ya kulikubali jibu hilo, hakikisha leva haizuiwi na mpira mgumu mpya, zulia, au kasha la katikati ya viti. Leva isiyofika mwisho wa safari yake huiacha gia ikiwa imekamata nusu tu.

Jaribio la dakika mbili

Jaribio lifuatalo halihitaji kifaa chochote. Simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, na uzime injini. Kanyaga klachi na upitishe leva katika gia zote, pamoja na rivasi, polepole. Kumbuka uzito wa kila gia. Kisha, klachi ikiwa imekanyagwa hadi mwisho na leva ikiwa huru, washa injini, usubiri kidogo, na urudie zoezi lile lile huku mguu wa kulia ukiwa kwenye breki.

Ikiwa tofauti kati ya majaribio hayo mawili ni kubwa, chunguza klachi. Ikiwa hakuna tofauti na leva imelegea nyakati zote mbili, chunguza leva na bushi zake. Ikiwa gia moja tu ndiyo yenye tatizo, hapo ndipo penye sababu ya kuichunguza giaboksi. Jaribio hili halichukui nafasi ya fundi, lakini linakuwezesha kumweleza tatizo kwa usahihi. Anayefika gerejini na kusema “gia zinasumbua” amempa fundi uhuru wa kuchagua ugonjwa. Anayesema “leva imelegea, gia zote zinaingia, na hali ni ile ile injini ikiwaka au ikizimwa” ameupunguza uhuru huo.

Kazi yenyewe inavyofanyika

Hapa tunatumia mfano wa MX-5 ya kizazi cha kwanza yenye gia tano. Hatuwahimizi walaji wote waifanye kazi hii wenyewe. Tunaieleza ili mlaji ajue analipia nini na aweze kuuliza iwapo hatua imerukwa.

Kwanza, gari liachwe lipoe. Giaboksi na bomba la moshi lililo karibu nayo huweza kuunguza mkono. Magurudumu yawekewe vizuizi, kwa kuwa wakati wa kazi leva itatolewa na gari haliwezi kutegemea gia ili lisiserereke.

Pili, kitasa hufunguliwa kwa kukizungusha, kisha kasha la katikati ya viti hutolewa. Katika kasha hilo mna swichi za vioo vya madirisha, hivyo nyaya zake hazina budi kuchomolewa kwa uangalifu. Nyaya zilizokatika kwa kuvutwa ni lalamiko ambalo lingeweza kuepukwa kabisa.

Tatu, mpira wa juu hufunguliwa, kisha bolti tatu zinazoishikilia leva. Leva ikiwa huru, huvutwa juu na kutoka nzima pamoja na tufe lake, yaani sehemu ya mviringo inayoiwezesha kuzunguka pande zote. Shimo linalobaki wazi lifunikwe mara moja kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Nati moja ikitumbukia humo, kazi ndogo inageuka kuwa kubwa.

Nne, fundi akague oili iliyo chini ya leva. Hili ndilo jambo linalosahauliwa zaidi. Katika MX-5 hii, leva inakaa ndani ya kisima kidogo chenye oili yake, ambayo imetengana na oili ya giaboksi. Giaboksi inachukua takriban lita 2, ilhali kisima cha leva kinachukua takriban mililita 80 hadi 95 tu. Oili ya giaboksi inapomwagwa kwa chini, ile ya kisimani haitoki. Kwa hiyo gari linaweza kubadilishiwa oili ya giaboksi mara nyingi huku leva ikisagika katika oili iliyogeuka tope, au katika kisima kikavu. Oili chafu hunyonywa kwa bomba la sindano, kisima hufutwa, na oili mpya hutiwa kwa kipimo.

Tano, bushi ya zamani hutolewa na mpya huvikwa kwenye ncha ya leva. Kikombe cha plastiki kinacholikalia tufe nacho hukaguliwa, kwa sababu wakati mwingine hubaki ndani ya kisima na fundi asiyejua hudhani hakipo. Mipira yote miwili ibadilishwe kwa pamoja. Kuacha mpira wa zamani ili kuokoa fedha kidogo ni kukubali kulifungua kasha hilo tena baada ya muda mfupi.

Sita, bolti zikazwe kwa usawa na kwa kiasi. Zinaingia kwenye aluminiamu, ambayo ni laini kuliko chuma cha bolti, na ukikaza kupita kiasi meno hung’oka.

Kuhusu oili, tunasisitiza maneno mawili yanayoandikwa kwenye chupa: GL-4 na GL-5. Si viwango vya ubora kwamba namba kubwa ndiyo bora. Ni matumizi tofauti. GL-5 imetengenezwa hasa kwa ajili ya difu zenye mgandamizo mkubwa, na baadhi ya oili za kundi hilo zina viambato vinavyoweza kudhuru pete za shaba za giaboksi. Fuata kitabu cha gari. Muuzaji akikuambia “hii ni kali zaidi,” mwombe akuonyeshe maandishi kwenye chupa.

Kurekebisha: lini kunahitajika, lini hakuna cha kurekebisha

Katika leva ya kiwandani ya MX-5 hakuna skrubu ya kurekebisha mahali pa gia. Leva ama ni nzima na imekaa vizuri, ama ina kifaa kilichochakaa. Ikiwa gereji inakutoza kwa ajili ya “kuiseti leva” ya gari la aina hiyo, omba uonyeshwe kilichosetiwa.

Katika magari ya kebo, marekebisho ni ya kweli na ni muhimu. Kanuni yake ni moja, ingawa kila kiwanda kina utaratibu wake: giaboksi huwekwa huru, leva hufungwa mahali pake pa huru kwa pini, kifunga cha kebo hulegezwa ili kebo ijipange yenyewe bila kuvutwa, kisha hukazwa tena. Pini ikisahauliwa, kazi nzima huwa ya kubahatisha. Matokeo yake ni gari linaloingia gia za kwanza vizuri na kukataa za mwisho, au kinyume chake. Ikumbukwe pia kwamba bushi ya ncha ya kebo ikiwa imevunjika, hakuna marekebisho yatakayoitibu, ibadilishwe.

Katika magari ya rodi, bushi hukaguliwa moja moja. Tunashauri zibadilishwe zote kwa pamoja, kwa kuwa kubadilisha moja huuhamishia mchezo kwenye iliyobaki.

Baadhi ya leva za spoti zinazouzwa kama kifaa cha ziada huwa na bolti za kizuizi. Kazi yake ni kuisimamisha leva kabla nguvu ya mkono haijafika kwenye uma za ndani ya giaboksi. Bolti hizo zikikaa mbali mno, hazikingi kitu. Zikikaa karibu mno, gia haiingii kikamilifu na inaweza kuruka. Zinapaswa kusetiwa gia ikiwa imeingia kabisa, na fundi athibitishe upande wa mbele na wa nyuma.

Leva fupi: unachokipata na unachokilipia

Wamiliki wengi wa magari ya spoti hushawishiwa kununua leva fupi ili gia ziingie kwa mwendo mdogo wa mkono. Si kosa kuitaka. Kosa ni kuuziwa bila kuelezwa gharama yake, nayo si ya fedha peke yake.

Leva ya gia ni wenzo, kama ule tuliofundishwa shuleni. Tufe ni egemeo, mkono wako ni jitihada, na giaboksi ni mzigo. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba leva ina milimita 240 juu ya egemeo na milimita 60 chini yake. Uwiano ni 4 kwa 1. Ili ncha ya chini isogee milimita 15, kitasa husogea milimita 60. Sasa weka leva yenye milimita 75 chini ya egemeo. Uwiano unakuwa 3.2 kwa 1, na kitasa kinasogea milimita 48 tu. Safari imepungua kwa asilimia 20. Lakini nguvu inayotakiwa mkononi imeongezeka kwa asilimia 25. Hakuna kilichopatikana bure.

Zaidi ya hayo, pete za shaba zinazolinganisha mwendo wa gia huhitaji muda kufanya kazi yake. Dereva anayeilazimisha gia kwa haraka na kwa nguvu huzichakaza. Nazo bushi za chuma zinazouzwa badala ya zile za plastiki au mpira huondoa mchezo wote, lakini hupitisha mtetemo na mngurumo hadi mkononi. Anayetumia gari kwenye mashindano anaweza kuvumilia. Anayelitumia kwenda kazini katika foleni za kila siku huenda asivumilie. Muuzaji mwaminifu atakueleza pande zote mbili.

Tunaonya kwa uzito kuhusu leva zilizokatwa na kuchomelewa ili ziwe fupi. Leva nyingi za kiwandani zina tabaka la mpira ndani ya mhimili wake ili kumeza mtetemo, na moto wa kuchomelea huuyeyusha. Uchomeleaji dhaifu nao unaweza kuachia. Fikiria leva ikikatika mkononi wakati dereva anashuka mlima Kitonga au Sekenke, akiwa anahitaji gia ndogo ili injini ilizuie gari na breki zisipate moto kupita kiasi. Katika hali hiyo fedha iliyookolewa haina maana tena.

Kununua spea kwa busara

Leva yenyewe, ikiwa ni chuma kisichopinda na tufe lake halijalika, yaweza kununuliwa ikiwa imetumika. Mipira, bushi na vikombe vya plastiki vinunuliwe vipya. Mpira wa mtumba una umri ule ule wa mpira unaoutupa.

Nenda dukani na namba ya chasisi na, ikiwezekana, kifaa cha zamani. Kizazi kimoja cha gari kinaweza kuwa na giaboksi ya gia tano na nyingine ya gia sita, na vifaa vyake visilingane. Kagua maandishi kwenye pakiti, ubora wa chapa, na harufu na ulaini wa mpira. Pakiti yenye jina la kiwanda lililokosewa herufi, au bei iliyo chini mno kuliko ya maduka yote ya jirani, ni sababu ya kutia shaka. Bidhaa bandia zimekatazwa na Sheria ya Alama za Bidhaa, na mlaji anayezitolea taarifa huwakinga na wengine.

Kabla ya kazi na baada ya kazi

Kabla ya kazi kuanza, tunawashauri walaji wafanye mambo manne. Kwanza, omba fundi akuonyeshe tatizo kwa macho, si kwa maneno. Kasha la katikati likifunguliwa, mpira uliopasuka unaonekana, na bushi iliyolika inashikika. Pili, omba makadirio kwa maandishi, yakitenganisha bei ya vifaa na bei ya ufundi. Tatu, kubalianeni mapema kwamba hakuna kazi ya ziada itakayofanyika bila idhini yako. Nne, eleza mapema kwamba utavichukua vifaa vya zamani. Ombi hilo ni la kawaida, na si tusi kwa fundi.

Baada ya kazi, usiondoke kabla ya kuhakikisha yafuatayo:

1. Gia zote zinaingia injini ikiwa imezimwa, na tena ikiwa inawaka.
2. Leva haigusi kasha wala zulia katika gia yoyote.
3. Leva ikiachwa huru, inarudi katikati yenyewe, ikiwa gari limeundwa hivyo.
4. Mchoro ulio kwenye kitasa unalingana na mahali halisi pa gia, hasa rivasi. Kitasa cha gari jingine kinaweza kumdanganya dereva mwingine na kusababisha ajali.
5. Taa ya rivasi inawaka gia ya rivasi inapoingia, na inazimika inapotoka.
6. Swichi za vioo na vifaa vingine vya kwenye kasha vinafanya kazi.
7. Umeliendesha gari pamoja na fundi, ukapanda na kushuka gia zote.

Kisha chukua risiti ya mashine ya kielektroniki, na uhakikishe imeandikwa kiasi ulicholipa. Bila risiti, hata lalamiko la haki hukosa mguu wa kusimamia. Nyumbani, usiwe na mazoea ya kuegemeza mkono kwenye leva wakati wa kuendesha. Uzito huo hufika kwenye uma za giaboksi na kuzichakaza bila sababu.

Mambo yakienda kombo

Tuchukue mfano wa mlaji aliyeambiwa giaboksi yake imekufa. Amelipia giaboksi ya mtumba, na baada ya juma moja leva inachezacheza kama awali. Fundi anamwambia giaboksi ya mtumba haina dhamana. Je, mlaji huyo amekwama?

La. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji katika biashara, na kauli kwamba giaboksi imekufa, ikiwa ilitolewa bila uchunguzi, inaweza kuhojiwa. Kutotoa dhamana ya uimara wa kifaa cha mtumba ni jambo moja. Kumuuzia mtu kifaa asichokihitaji ni jambo jingine. Kinachoamua mara nyingi ni ushahidi. Ikiwa mlaji ana makadirio yanayotaja tatizo lililodaiwa, risiti, na giaboksi ya zamani inayoweza kukaguliwa na fundi mwingine, ana msingi wa kudai. Ikiwa hana chochote, linabaki neno lake dhidi ya neno la gereji.

Hatua ya kwanza ni kurudi gerejini na kueleza lalamiko kwa maandishi na kwa lugha ya staha, ukitaja unachotaka: marekebisho, au marejesho ya fedha. Migogoro mingi inaweza kumalizikia hapo, kwa kuwa gereji nyingi hutegemea sifa njema. Usilipeleke gari kwa fundi wa pili likafunguliwa kabla wa kwanza hajapewa nafasi, isipokuwa usalama unalazimisha. Na ikibidi hivyo, piga picha kila hatua. Jibu lisipopatikana, leta nakala za nyaraka hizo katika ofisi yetu iliyo karibu nawe, pamoja na kifaa cha zamani ikiwa unaweza kukibeba.

Bushi ya leva ya MX-5 inaenea katika kiganja na nafasi ikabaki. Kabla hujakubali kulipia giaboksi nzima, mwombe fundi akutolee bushi hiyo na akuwekee mkononi.